Taa ya Kichwani na Usiku wa Saa Kumi na Mbili

Katika msimu wa kupanda Kilimanjaro, kila siku kati ya saa tano na saa saba za usiku, mistari ya taa ndogo huanza kupanda kutoka kambi za Barafu na Kibo. Kambi ya Kibo iko mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru mita 5,895. Katikati yake pana saa sita au saba za kutembea gizani kwa hatua fupi, kwenye mteremko wa changarawe na vumbi la volkano, na usalama wa kila hatua unategemea kifaa kisichofika gramu mia, kilichofungwa kwenye paji la uso. Wapandaji wengi hutumia miezi kuchagua viatu na wiki kadhaa kuulizia dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Taa huinunua siku za mwisho, wakiangalia namba moja tu iliyoandikwa kwenye boksi: lumeni. Namba hiyo ndiyo inayochapwa kwa herufi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayomfaa mnunuzi kidogo kuliko zote.

Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Haisemi mwanga huo unaelekea wapi, wala utadumu muda gani. Na muda ndio moyo wa suala lote, kwa sababu mwanga hutoka kwenye betri, na betri ina akiba yenye mwisho. Hesabu yake si ngumu. Balbu nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Betri ya kuchaji ya umbo linaloitwa 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa ya kiwango cha juu hubeba kama miliampea-saa 3,500, yaani karibu wati-saa 12 na nusu. Tukichukua lumeni 120 kwa wati, betri hiyo ina akiba ya lumeni 1,500 kwa saa moja. Ukiamua kuitumia kwa lumeni 1,000, itakwisha baada ya saa moja na nusu. Ukiitumia kwa lumeni 200 itakufikisha saa saba na kitu, na kwa lumeni 100 itakesha nawe usiku mzima. Hapo hatujaondoa nguvu inayopotea kama joto. Betri tatu ndogo za AAA za alkalaini, zile zinazopatikana kila duka, zina kama theluthi ya akiba hiyo, kwa hiyo lumeni 100 huzimudu kwa saa nne au tano hivi.

Anayeijua hesabu hii hadanganyiki sokoni. Taa iliyoandikwa lumeni 100,000 ingehitaji karibu wati elfu moja, sawa na kujifunga pasi ya umeme kichwani, na ingeimaliza betri niliyoitaja katika muda wa chini ya dakika moja. Betri ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 nayo ni uongo mtupu; umbo hilo halijafikia hata nusu ya uwezo huo. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui, kwani namba hizo zimetoka kiwandani zikiwa zimechapwa hivyo. Ndiyo maana mnunuzi lazima ajue mwenyewe.

Kwa taa za makampuni yanayojali jina lake upo utaratibu wa kupima, unaojulikana kama FL 1, uliotolewa Marekani mwaka 2009 na kurekebishwa baadaye. Alama zake huonekana kwenye boksi zikiwa na picha ndogo za mwale, saa na tone la maji. Utaratibu huo umesaidia sana, lakini unataka kusomwa kwa makini. Umbali wa mwale unaotajwa ni pale ambapo mwanga umebaki robo ya luksi, karibu sawa na mbalamwezi ya usiku mweupe. Boksi likisema mita 100, maana yake ni kwamba kwenye mita ya mia utaona kama unavyoona kwa mwezi mpevu. Si kwamba utatambua jiwe lililolegea. Tena, kuongeza umbali huo mara mbili kunataka ukali wa mwale uzidi mara nne. Kuhusu muda, saa huhesabiwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha hadi mwanga ubakie asilimia 10 ya ulivyoanza. Hapo ndipo wengi hunasa. Taa inayoanza na lumeni 400 inaweza kushuka hadi 150 ndani ya nusu saa ili isiungue, ikaendelea kufifia saa nyingi, na yote hayo yakahesabiwa kuwa muda wa kufanya kazi mpaka ilipofika lumeni 40. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, au la kutafuta kwenye karatasi ya maelezo, ni hili: kwa saa saba mfululizo, itatoa lumeni ngapi bila kushuka?

Zamani swali hili lilijijibu lenyewe. Balbu za waya zilikuwa zinakula betri kwa kasi kiasi kwamba kila msafiri alibeba akiba. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia huko Japani, alitengeneza LED ya buluu yenye nguvu ya kutosha, na kutokana nayo ikapatikana LED nyeupe. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Mwaka 2000 kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyozaliwa kutokana na kazi ya mpenda mapango Fernand Petzl, ikatoa Tikka, taa ndogo ya LED iliyodumu saa nyingi kwa betri tatu tu. Kwa miaka michache ilionekana kama tatizo la muda limekwisha. Kisha viwanda vikaanza kushindania lumeni, na faida yote iliyopatikana kwenye muda ikachomwa kwenye ukali wa mwanga. Naliona hilo kuwa hasara kwa mtembeaji, na hasa mtembeaji wa kwetu.

Nasema wa kwetu kwa sababu ya urefu wa usiku. Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu taa hizi umeandikwa kwa watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambao hupiga kambi zaidi wakati wa kiangazi chao, usiku ukiwa mfupi na machweo yakidumu muda mrefu. Karibu na ikweta jua huzama saa kumi na mbili na ushee, mwanga wa machweo hutoweka kabla ya nusu saa kuisha, na giza linakaa hadi alfajiri, mwezi wowote wa mwaka. Anayelala kambini Serengeti au Hell's Gate ana saa kumi na mbili za usiku, mwezi Juni kama mwezi Desemba. Kupika, kula, kuosha vyombo, kutafuta soksi, kwenda msalani: yote hayo ni kazi ya taa. Kwa kazi hizo lumeni 10 hadi 30 zinatosha kabisa, na taa isiyoweza kushuka hadi hapo ina kasoro, hata ikiwa na lumeni elfu upande wa juu.

Usiku wa kupanda mlima nao haufanani kila mahali. Anayekwenda Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kwa kawaida huondoka kambini saa nane au tisa za usiku, hivyo anahitaji saa tatu au nne za mwanga. Mlima Meru humtoa mtu Saddle Hut karibu saa sita au saba, na njia yake hufuata ukingo wa kreta wenye miamba, ambako mwale unaofika mbali una thamani kwa kuwa jicho hutaka kujua mwamba unaishia wapi. Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, hupandwa usiku kwa sababu ya kukimbia joto. Pale baridi si adui mkubwa. Kinachosumbua ni mwinuko mkali, majivu yanayoteleza, na mteremko wa kurudi ambapo mikono yote miwili inahitajika. Kilimanjaro inakusanya saa nyingi na baridi kali kwa pamoja, ndiyo maana nimeifanya kipimo. Kwenye foleni inayopanda pole pole nyuma ya kiongozi, lumeni 50 hadi 100 zinatosha. Weka akiba ya 200 au 300 kwa pale njia inapopotea au mtu anapougua na kuteremshwa gizani.

Baridi inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwani ndiyo huzima taa nyingi juu ya Kibo. Karibu na kilele nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na kuna usiku unaoshuka chini zaidi, upepo ukiongeza ukali. Betri ya alkalaini hutegemea kimiminika chenye maji ndani yake. Kikipoa, kemia yake huenda polepole na betri hushindwa kutoa umeme kwa haraka inayotakiwa. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Cha ajabu ni kwamba ikipashwa joto mfukoni huamka tena, na kuna wapandaji waliotupa betri nzima wakidhani zimekufa. Betri za lithiamu zisizochajiwa, zilizo na umbo la AA au AAA, hufanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri na ni nyepesi kwa karibu theluthi. Ni ghali, na kwenye maduka yetu hazipatikani kirahisi, lakini kwa usiku ule mmoja naona zinastahili bei yake. Tahadhari ni mbili. Volti zake ni za juu kidogo kuliko za alkalaini, kwa hiyo hakikisha mtengenezaji wa taa anaziruhusu. Na hazifi kwa kufifia. Hutoa mwanga uleule mpaka mwisho kisha hukatika ghafla, hivyo akiba iwe mfuko wa ndani na si chini ya begi.

Betri za kuchaji za lithiamu-ioni hustahimili baridi kuliko alkalaini, ingawa nazo hupungua. Hatari yake iko kwenye kuchaji. Ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujijenga kama metali ndani ya betri na kuiharibu moja kwa moja. Mtu anayefika Barafu na kuunganisha taa kwenye pawabenki nje ya hema alfajiri anaiua betri yake bila kujua. Iingize kwenye mfuko wa kulalia, ipate joto la mwili, ndipo uichaji. Kuna taa ambazo betri yake hutenganishwa na kichwa kwa waya mrefu, ikakaa ndani ya koti. Kwa mlima wa baridi huo ni mpango mzuri sana, japo waya nao ni kitu cha kunasa kwenye kamba za begi.

Kisha kuna jicho lenyewe. Seli za jicho zinazoona gizani zinahitaji oksijeni nyingi, na uwezo wa kuona usiku ni miongoni mwa vitu vinavyodhoofika mapema hewa inapokuwa nyepesi. Marubani hushauriwa kutumia oksijeni wakiruka usiku kuanzia futi 5,000 tu, kama mita 1,500, kwa sababu hiyohiyo. Uhuru ni karibu mara nne ya urefu huo, na hewa yake ina oksijeni karibu nusu ya ile ya Tanga. Kwa hiyo mpandaji aliyeona njia vizuri kwa lumeni 40 akiwa Marangu asishangae akitaka 80 juu ya mita 5,000. Hili sijaliona likitajwa kwenye boksi lolote la taa.

Jicho pia huchukua nusu saa au zaidi kuzoea giza, na mwale mmoja mweupe hulirudisha mwanzo papo hapo. Hapo ndipo faida ya mwanga mwekundu. Seli za gizani haziuoni wekundu vizuri, hivyo haziharibiki. Ndani ya hema au kwenye vyumba vya pamoja vya Horombo, mwanga mwekundu ni adabu kwa waliolala. Lakini si wa kutembelea kwenye mawe, na kwenye ramani mistari myekundu hutoweka kabisa chini yake. Jambo moja la kuangalia dukani: je, unaweza kuufikia wekundu bila kwanza kupita kwenye mweupe? Taa nyingi hukulazimisha kuanza na ule mkali, na hapo faida yote imeshapotea.

Mahali taa inapokaa pia huleta tatizo ambalo watu hulilaumu kwenye lumeni. Mwanga unaotoka karibu na macho huondoa vivuli, na bila vivuli shimo na jiwe huonekana tambarare. Kwenye changarawe ya kuelekea Gilman's Point, kuongeza nguvu ya taa hakusaidii. Kunafanya kila kitu kiwe cheupe zaidi. Kwenye ukungu, au vumbi la watu walio mbele yako, au pumzi yako mwenyewe inayoganda, mwanga hugonga chembe hizo na kukurudia usoni. Ivue, ishike mkononi usawa wa kiuno. Vivuli vitarudi na ukuta mweupe utapungua. Watu wanaokimbia milimani usiku hufunga taa ya pili kiunoni kwa sababu hiyo.

Lakini mahali hapohapo, kwenye paji la uso, ndipo taa inapofaa kuliko popote kwa mtu aliyelala porini. Simba, fisi, nyati, swala na komba wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, unarudi machoni pako, na utaona jozi za macho ziking'aa umbali ambao mnyama mwenyewe haonekani. Tochi iliyoshikwa chini hupoteza sehemu kubwa ya faida hiyo. Kwenye kambi za umma za Seronera, ndani ya Serengeti, ambazo hazina uzio, hili ni suala la uhai. Kabla ya kutoka kwenda msalani, fungua zipu kidogo, washa kiwango cha juu kabisa, zungusha kichwa taratibu pande zote. Ukiona macho, funga zipu. Hii ndiyo kazi ambayo nakubali lumeni 300 au 400 kwayo bila ubishi, na inahitaji dakika moja tu ya betri. Wala usitulie sana ukikosa kuona chochote: nyani na binadamu hawana utando huo, na tembo aliyegeuka upande haonyeshi jicho.

Kwa maeneo makavu kama ya Manyara au Turkana, taa zenye mwanga wa urujuanimno si mchezo wa watoto: nge hung'aa kijani-buluu chini yake, na kukagua viatu huwa kazi ya nukta chache. Wadudu warukao nao hupenda zaidi mwanga mweupe wenye buluu nyingi. Wekundu au manjano huwapunguza mezani.

Mengine nayapitia haraka. Kiwango cha IPX4 kinatosha kwa mvua. IPX7, kinachostahimili maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, ni kwa anayevuka mito au kupanda mtumbwi. Kitufe kijaribiwe dukani ukiwa umevaa glavu nene, kwa sababu Kibo hutazivua. Taa iwe na kufuli, au betri igeuzwe wakati wa safari, la sivyo itajiwasha ndani ya begi. Mkanda ujaribiwe juu ya kofia ya sufu na kofia ya koti kwa pamoja. Uzito wa gramu 80 hausikiki. Wa gramu 200 unaosukumwa mbele utakuumiza shingo kabla ya alfajiri. Na taa lazima iiname: mtu akikusemesha, ishushe chini badala ya kumtazama usoni. Viongozi wa milimani hupofushwa usiku kucha na wageni wanaogeuka kuwauliza kama bado ni mbali.

Yote haya ni ya mnunuzi. Lakini mlimani kuna watu ambao huwa hawaulizwi wana taa gani. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe huitana wagumu, huruhusiwa kubeba hadi kilo 20 za mzigo. Barafu haina maji. Yale ya chai na supu hubebwa kutoka bonde la Karanga, na mpagazi akichelewa giza humkuta kwenye mawe. Wengi hutumia tochi ya simu, ambayo huwanyima mkono mmoja na kumaliza chaji ya simu waliyotegemea kupigia nyumbani. KPAP, taasisi iliyoko Moshi inayofuatilia hali za wapagazi, huwaazima nguo na vifaa vya mlima bila malipo, na kampuni zilizo makini huwapa watu wake vifaa. Mgeni anayelipia safari ana haki ya kuuliza, kabla hajalipa, kama kila mtu kwenye msafara wake atakuwa na taa. Ni swali la kawaida kama la chakula, na linapoulizwa na wengi kampuni huanza kulijibu.

Na anayetaka kumwachia mpagazi taa yake baada ya kushuka afikirie itaishije. Yenye betri iliyofungiwa ndani, isiyobadilishwa, itakufa pamoja na betri hiyo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Inayotumia AAA pekee itamgharimu fedha kila mwezi. Inayofaa zaidi ni ile inayokubali zote mbili: betri ya kuchaji kwa USB, kwa kuwa vibanda vya kuchaji simu vipo kila kijiji, na AAA za dukani siku umeme ukikatika. Aitoe na waya wake, na amwonyeshe jinsi ya kuifunga kufuli na jinsi ya kufika kwenye kiwango cha chini, kile cha saa nyingi.